Jinsi tovuti za nyumba zinavyoweza kugeuza watazamaji kuwa wapangaji Migori na Homa Bay

MWALIMU anayehamishiwa Homa Bay kutoka Machakos, au mwuguzi anayepata kazi Migori ilhali bado anaishi Nakuru, huwa na jambo moja linalomkosesha usingizi kabla ya siku ya kuripoti kazini: atalala wapi? Zamani jawabu lilikuwa moja tu. Alipanda matatu, akashuka mjini, akamtafuta mwenyeji wa kumzungusha mtaa baada ya mtaa hadi jua likatua. Siku hizi safari hiyo huanzia kwenye simu ya mkono. Hufungua ukurasa wa nyumba za kupangisha, hutazama picha mbili tatu, kisha huufunga. Mwenye nyumba hapati hata habari kwamba mgeni alibisha hodi akaondoka.

Hasara ya kimyakimya namna hiyo si ndogo. Chukulia mfano wa ploti yenye vyumba 12, kila kimoja kikipangishwa kwa Sh6,000 kwa mwezi. Vyumba viwili vikikaa bure kwa miezi mitatu, Sh36,000 zimepotea, na hakuna mwezi utakaozirudisha. Upande wa pili yupo mpangaji aliyelipa nauli mara mbili kuja kutazama nyumba ambayo haikufanana na picha, au aliyetuma amana kwa mtu asiye na nyumba yoyote. Hasara hizi mbili zina chanzo kimoja: ukurasa haukusema mambo ambayo mgeni alihitaji kujua kabla ya kufunga safari.

Ndiyo maana kazi ya tovuti ya nyumba haiishii katika kuvutia macho. Kazi yake ni kumfanyia mtafutaji ile safari ya kwanza, ili akija aje kuthibitisha tu yale aliyokwisha kuyasoma.

Wanaotafuta ni akina nani

Kaunti hizi mbili, ambazo zamani zilikuwa sehemu ya wilaya moja ya South Nyanza, zina watu wengi. Sensa ya mwaka 2019 ilihesabu watu 1,131,950 Homa Bay na 1,116,436 Migori. Tangu serikali za kaunti zianze kazi mwaka 2013, miji hii miwili imekuwa makao ya ofisi, mabunge ya kaunti na hospitali za rufaa, na kila taasisi ya aina hiyo huleta wafanyakazi kutoka nje. Chuo Kikuu cha Rongo kimo Migori, nacho Chuo Kikuu cha Tom Mboya kimo Homa Bay. Awendo kuna kiwanda cha sukari cha Sony, Mbita kuna kituo cha utafiti wa wadudu cha ICIPE, na Isebania kuna mpaka wa Tanzania, ambako wafanyabiashara hupita mchana na usiku.

Isitoshe, mwaka 2025 Homa Bay iliwapokea wageni wa sherehe za kitaifa za Madaraka mnamo Juni 1, kisha Agosti ikawa mwenyeji wa Kongamano la Ugatuzi. Katika siku kama hizo mtu asiye na ndugu wala rafiki mjini hutegemea simu yake.

Watafutaji hawa hawafanani. Mwanafunzi anatafuta chumba kimoja au bedsita atakayoifikia kwa miguu kutoka chuoni. Afisa wa kaunti mwenye watoto anauliza kuhusu shule na ua salama. Mfanyabiashara wa Isebania anataka mahali pa kuegesha gari. Ukurasa unaowahutubia wote kwa maneno yaleyale, kwamba nyumba ni “nzuri na ya kisasa”, haumhutubii yeyote. Tovuti iliyopangwa vyema humwezesha kila mmoja kuchagua kwanza mji, kisha aina ya nyumba, kisha kodi anayoimudu.

Mahali pasipotajwa sawasawa

Kosa la kwanza katika matangazo ya eneo hili hutokana na majina. Migori ni jina la kaunti, la mji na la mto. Homa Bay ni kaunti na pia ni mji. Tangazo linalosema nyumba iko “Homa Bay” laweza kumaanisha Oyugis, Kendu Bay, Ndhiwa au Mbita, na kati ya miji hiyo kuna mwendo wa matatu. Vilevile mgeni huchanganya Suna, iliyoko Migori, na Suba, iliyoko Homa Bay, kwa kuwa tofauti yake ni herufi moja tu. Mtu anayetarajiwa kuripoti katika hospitali ya rufaa mjini Homa Bay hatapanga nyumba Mbita kwa sababu tovuti iliziweka zote chini ya jina moja. Ataghadhabika tu na kuondoka.

Dawa yake ni rahisi. Kila tangazo litaje kaunti, mji na mtaa, kwa mfano Oruba mjini Migori au Makongeni mjini Homa Bay. Kisha litaje dakika za kutembea hadi mahali panapojulikana: kituo cha matatu, hospitali, lango la chuo, barabara kuu ya Kisii hadi Isebania. Ramani ya Google yenye alama mahali penyewe husaidia, ingawa mwenye nyumba anayehofia usalama anaweza kuweka alama kwenye makutano ya karibu. Hali ya njia nayo itajwe. Mvua inaponyesha, mitaa yenye udongo mweusi hunata, na mpangaji mwenye pikipiki au mtoto mchanga ana haki ya kufahamu hivyo mapema.

Mficha uchi hazai

Jambo la pili ni bei. Wenye nyumba wengi huandika “bei ni ya maelewano” au “piga simu uelezwe”, wakidhani kwamba simu ikishapigwa mteja amenaswa. Mara nyingi huwa kinyume. Mtafutaji ana kurasa kumi mbele yake, na ule usiokuwa na bei ndio anaouruka kwanza. Wahenga walisema mficha uchi hazai.

Hata hivyo, kutaja kodi pekee hakutoshi, kwa maana kodi siyo fedha anayohitaji mpangaji siku ya kuingia. Chukua nyumba ya Sh7,000 kwa mwezi. Mwenye nyumba anataka kodi ya mwezi wa kwanza, amana ya Sh7,000 na amana ya maji na stima ya Sh2,000. Jumla ni Sh16,000. Mtu aliyejipanga kwa Sh7,000 akielezwa hayo akiwa mlangoni, hatahamia, naye atahisi amedanganywa hata kama hakuna aliyekusudia kumdanganya. Tovuti bora huweka jedwali dogo lenye kodi, amana, masharti ya kurudishiwa amana hiyo, malipo ya taka na ulinzi, na jumla ya fedha za siku ya kwanza.

Watakaoona jumla hiyo na kuondoka hawakuwa wapangaji. Watakaobaki na kupiga simu ndio wenye uwezo na nia. Hivyo bei iliyo wazi hupunguza maswali lakini huongeza wapangaji, na humwokolea mtunza ploti, ambaye wengi humwita keateka, muda wa kufungua milango bure.

Maji, stima na picha za kweli

Muulize mpangaji yeyote kuhusu nyumba aliyohama, naye atataja maji kabla ya rangi ya kuta. Ukurasa unapaswa kueleza kama maji ni ya mfereji, ya kisima au ya kununua kwa mitungi. Kama kuna tangi la akiba. Na kama hulipiwa kwa mita au kwa kiwango kimoja kila mwezi. Kuhusu stima, swali kuu ni kama kila nyumba ina mita yake ya tokeni au wapangaji huchanga katika mita moja. Mita ya pamoja huzua ugomvi, na wenye mita zao binafsi hawana budi kulitaja hilo juu kabisa ya tangazo, kwa kuwa ni sifa inayouza.

Picha nazo zina somo lake. Mwaka 2009 kampuni ya Airbnb ya Marekani, wakati huo ikiwa changa na karibu kufilisika, iligundua kwamba wenyeji wake wa New York walikuwa wakipiga picha mbovu. Waanzilishi wake walikodi kamera, wakaenda nyumba kwa nyumba na kupiga picha upya. Mapato yao ya juma, yaliyokuwa dola 200, yalipanda maradufu. Nyumba hazikubadilishwa. Kilichobadilika ni kile mgeni alichoweza kukiona.

Mwenye ploti wa Rongo au Awendo hahitaji mpigapicha wa kulipwa. Simu ya kawaida yatosha ikiwa picha zitapigwa mchana, madirisha yakiwa wazi, nyumba ikiwa imefagiliwa, naye mpigaji akisimama pembeni ili chumba kizima kionekane. Ziwepo picha za jikoni, bafu, choo, mahali pa kuanika nguo, lango na njia ya kuingilia. Choo kisipoonyeshwa, mtazamaji hudhani kuna jambo linalofichwa.

Pamoja na hayo, picha ikizidi uzuri wa nyumba ni mzigo. Mtu atavutiwa, atasafiri, ataona ukuta uliopauka, kisha atarudi zake akiwasimulia wengine. Njia ya mwongo ni fupi. Ikiwa kuta zinahitaji rangi, ni afadhali ukurasa useme kwamba zitapakwa kabla ya mpangaji kuingia, na ahadi hiyo itimizwe.

Uzito wa ukurasa

Wanaotafuta nyumba hulipia data kwa kifurushi, wengi kwa kiasi cha siku moja. Picha iliyotoka moja kwa moja kwenye simu inaweza kuwa na megabaiti 4. Picha kumi za namna hiyo ni megabaiti 40 kwa tangazo moja. Zikipunguzwa hadi kilobaiti 200 kila moja, zote kumi huwa megabaiti 2 tu, na kwenye kioo cha simu jicho halioni tofauti kubwa. Programu za kufanya kazi hiyo zinapatikana bila malipo.

Mwaka 2016 Google ilitangaza kwamba asilimia 53 ya ziara kwenye kurasa za simu hukatizwa ikiwa ukurasa unachukua zaidi ya sekunde tatu kufunguka. Tovuti yenye video inayojiendesha yenyewe, matangazo yanayorukaruka na fomu ndefu ya kujisajili humfukuza mgeni kabla hajaona hata mlango. Mambo manne yaonekane bila kuviringisha ukurasa: picha moja, kodi, mtaa na kitufe cha kuwasiliana. Mengine yafuate chini.

Lugha nayo iwe ile inayosomwa. Kiswahili na Kiingereza huwafikia wageni wengi, huku maelezo mafupi kwa Dholuo au Kikuria yakimfaa mzazi anayemtafutia mwanawe chumba. La muhimu ni kutumia maneno ambayo watu huyaandika wanapotafuta, kama vile “bedsita Migori” au “nyumba ya kupanga Homa Bay”, badala ya misamiati ya majigambo ambayo hakuna mtu aliyewahi kuitafuta.

Imani hujengwa kabla ya malipo

Hofu kubwa ya mpangaji wa mbali ni ulaghai. Matapeli huiba picha kutoka tangazo halali, hushusha bei, kisha humwambia mteja kwamba kuna wengine wanaoisubiri nyumba hiyohiyo, hivyo atume amana haraka. Katika mazingira hayo, hata mwenye nyumba mwaminifu hutazamwa kwa jicho la shaka.

Tovuti inayotaka kuaminiwa humkataza mteja kulipa kabla ya yeye au mtu anayemwamini kuiona nyumba. Onyo hilo laweza kuonekana kama linafukuza fedha, ilhali ndilo linalozivuta, maana tapeli hawezi kuliandika. Kwa aliye mbali, keateka anaweza kumwonyesha nyumba kwa simu ya video, akianzia langoni hadi chooni, akafungua bomba na kuwasha taa. Hati ya mkataba iwekwe kwenye ukurasa aisome kwa utulivu kabla ya kusafiri.

Wakati wa kulipa ukifika, jina ndilo shahidi. M-Pesa, iliyoanzishwa mwaka 2007, humwonyesha mlipaji jina la anayepokea. Jina hilo lilingane na lile lililo kwenye ukurasa, kwenye mkataba na kwenye risiti. Likiwa tofauti, ukurasa ueleze sababu. Panapokuwa na wakala, Sheria ya Mawakala wa Mali, Sura ya 533, inamtaka awe amesajiliwa na bodi husika, na mwenye usajili hana sababu ya kuuficha. Ada ya kutazama nyumba, kama ipo, itajwe mapema.

Kuna pia suala la siri za mteja. Baadhi ya tovuti hudai nambari ya kitambulisho na jina la mwajiri kabla ya kuonyesha hata nambari ya simu. Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019 inataka zikusanywe taarifa zile tu zinazohitajika kwa kazi iliyotajwa. Aidha, kanuni za usajili za mwaka 2021 zinautaja usimamizi wa mali, pamoja na uuzaji wa ardhi, miongoni mwa shughuli ambazo wahusika wake hawasamehewi kujisajili kwa kigezo cha udogo wa biashara. Kwa anayetazama tu, jina na nambari ya simu vinatosha. Kitambulisho kina siku yake, nayo ni siku ya kutia sahihi.

Jibu lisilochelewa

Ukurasa mzuri unaweza kuangushwa na simu isiyopokelewa. Mtafutaji huwaandikia watu watano kwa wakati mmoja na mara nyingi huenda na wa kwanza kujibu. Kitufe cha WhatsApp kinachofungua ujumbe uliokwisha kuandikwa, ukitaja nyumba yenyewe, humpunguzia mteja kazi na humwezesha anayejibu kujua anaulizwa nini. Saa za kupokea simu zitajwe. Anayejibu awe na majawabu yaleyale yaliyo kwenye ukurasa. Keateka akitaja Sh7,500 ilhali ukurasa unasema Sh7,000, imani yote iliyojengwa huporomoka.

Majira nayo yazingatiwe. Vyuo vikuu hupokea wanafunzi wapya hasa Agosti na Septemba. Matangazo ya vyumba vya Rongo na Homa Bay yanayowekwa wiki hizo yamechelewa, kwani mzazi huanza kuulizia mara tu barua ya mwanawe inapofika.

Kupima panapovuja

Hatimaye, mwenye tovuti anapaswa kuhesabu mambo manne kila mwezi: waliofungua ukurasa, waliouliza, waliokuja kutazama na waliopanga. Tuseme, kwa mfano, watu 1,000 walifungua, 50 wakauliza, 10 wakaja, wawili wakapanga. Waliofungua wakiwa wengi na waulizaji wachache, kasoro imo kwenye ukurasa wenyewe: bei, picha au uzito. Waulizaji wakiwa wengi lakini wachache wakaja, tatizo liko kwa anayejibu. Wakija wengi na wasipange, basi nyumba hailingani na maelezo, au kodi imezidi ile ya majirani.

Tahadhari moja yafaa hapa. Kampuni kubwa hulinganisha matoleo mawili ya ukurasa kwa kutumia maelfu ya watazamaji. Katika mji wenye wapangaji wapya watatu mwezi huu na watano mwezi ujao, tofauti hiyo inaweza kuwa bahati tu. Njia inayofaa zaidi ni ile aliyoieleza mtaalamu wa matumizi ya tovuti, Jakob Nielsen, mwaka 2000: kuwaketisha watu watano, mmoja mmoja, watumie tovuti huku wakitazamwa bila kusaidiwa. Watano hao, alisema, hufichua sehemu kubwa ya kasoro. Mwanafunzi, mwuguzi, mwendeshaji bodaboda, mwalimu na mzazi wapewe simu na kuambiwa watafute chumba Oruba kwa Sh6,000. Pale watakapokwama ndipo pa kutengeneza.

Lipo pia jambo lisilohitaji utaalamu wowote, nalo ndilo hupuuzwa zaidi. Nyumba ikishachukuliwa, tangazo lake liondolewe siku hiyohiyo, au liandikwe wazi kwamba imepangwa. Ukurasa uliojaa nyumba zilizojaa huonekana tajiri, lakini kila anayeupigia simu na kuambiwa “hiyo ilishaenda” hatarudi mara ya tatu. Na yule asiyepiga simu, akaamua kuja tu, atashuka Migori jioni na godoro lake juu ya matatu, aelekee kwenye mlango uliokwisha kupata mwenyewe.